Bushi ya Kushoto

Sina subira na watu wanaoingia gereji na kuniambia ugonjwa wa gari kabla sijafungua boneti. Rubwera imejaa watu wa aina hiyo. Tangu ofisi za wilaya zijengwe, kila karani aliyenunua gari ni mtaalamu. Anakuja ameshika simu, ameshaangalia video, anataka nibadilishe kitu ambacho hata hajui kiko upande gani. Huwa nawaacha waongee, halafu nawauliza kama wamekuja na spana zao. Ndiyo maana hapa wananiita Egbert Mkali, na sijawahi kulikataa jina hilo.

Kemilembe hakuniambia ugonjwa wowote. Alikuja asubuhi moja ya mwezi wa kumi mwaka jana, mwanamke wa miaka arobaini na mitano, gauni la kitenge na miwani, akasimama pembeni mpaka nikamaliza kufunga tairi la pikapu ya watu wa maji. Sikumtambua. Mara ya mwisho kumwona alikuwa mtoto wa miaka saba aliyeng'oka meno ya mbele.

"Shikamoo, Ta Egbert," alisema. "Mimi ni Kemilembe wa Byabato, wa Chonyonyo."

Nilitafuta kitambaa nikafuta mikono ambayo haikuwa michafu sana. Kwetu ukimwita mtu Ta unampa heshima ya baba, na mtoto wa Byabato kuniita hivyo kulinichoma, maana nilikuwa sijakanyaga kwao kwa miaka thelathini na minane.

"Marahaba, mwanangu. Mzee hajambo?"

"Moyo umepanuka. Daktari anasema tumtunze tu." Alivua miwani akaifuta. "Anaomba uje ulitazame Datsun."

Vipuri Kemilembe alikuwa ameviagiza mwenyewe kutoka Japani: shokapu mbili, bushi, boljointi, ncha za stelingi, vyote vya mbele. Fundi wa Mwanza, mji ambako yeye anafanya kazi ya uuguzi, alikuwa ameletwa akaifufua injini kwa siku tatu. Lakini alipotandika mkeka ili aingie chini ya gari upande wa mbele, mzee aliinuka kwenye kiti akamnyooshea fimbo.

"Alisema mbele pale hapaguswi na mtu isipokuwa Egbert," Kemilembe aliniambia. "Nikamwambia Egbert huenda asije. Akasema nikuulize tu."

Nilitaka kumjibu kwamba nina kazi nyingi, na kweli nilikuwa nazo. Badala yake nilijikuta nikimwuliza kama wana jeki.

Lazima nilieleze gari lenyewe, maana vijana wa leo wakisikia Datsun wanafikiria pikapu ya kubebea ndizi. Hii ni 240Z, gari la mashindano, milango miwili, boneti ndefu, na viti vilivyokaa chini kiasi kwamba ukipita sokoni unatazama watu magotini. Rangi yake ya machungwa. Byabato aliipata mwaka 1981 kwa daktari Mhindi wa Bukoba aliyekuwa anahama. Alitoa ng'ombe kumi na mmoja na shamba la mikaratusi, na ndugu zake wakaona amerukwa na akili. Wakati ule alikuwa msimamizi wa malori ya chama cha ushirika cha kahawa, na mimi nilikuwa fundi wake, kijana wa miaka ishirini na mitatu niliyedhani najua kila kitu.

Jumamosi mchana, malori yakishaoshwa, alikuwa akinirushia funguo. "Egbert, kalisikilize." Hakusema kaliendeshe, alisema kalisikilize. Tulikuwa tunakwenda hadi Omurushaka na kurudi, barabara ya vumbi jekundu, vioo vimeshushwa, mapafu sita ya injini ile yakivuta pumzi kwa pamoja. Wanawake waliokuwa wakipalilia migomba walisimama wakatucheka. Tukirudi, Laurensia, mkewe, alitukaripia kwa kuwa wekundu mpaka kope, kisha akatuletea maji ya kunawa na ndizi za kuchoma. Byabato alikuwa bosi wangu, mwalimu wangu na kaka yangu, na sijapata tena mtu wa kunipa vyote vitatu. Vumbi lile nalikumbuka kuliko ninavyoikumbuka harusi yangu mwenyewe, na mke wangu analijua hilo.

Mwaka 1986 bushi ya mbele kushoto ilikwisha. Bushi ni kipande cha mpira chenye bomba la chuma katikati; ndicho kinachoushika mkono wa tairi kwenye chasisi ili uweze kupanda na kushuka bila kuyumba. Vipuri vilikuwa havipatikani miaka ile, hata sabuni ilikuwa ya kupanga foleni. Dereva wetu mmoja wa lori alitupatia bushi moja Nairobi, moja tu. Niliifunga mwenyewe, nikakaza nati kwa nguvu zangu zote, kisha nikapaka mstari wa rangi nyeupe kutoka kwenye nati hadi kwenye chasisi, kama nilivyofanya kwa kila nati niliyoifunga. Mstari ukibaki umenyooka, ina maana nati haijasogea na hakuna aliyeigusa baada yako. Huo ndio uliokuwa sahihi yangu.

Siku nne baadaye Byabato alikwenda Kiruruma kwenye harusi ya Salvina, binti wa dada yake. Akirudi jioni, kwenye mteremko, alikanyaga breki na gari likamchukua kushoto mpaka katikati ya kahawa za watu. Alivunjika paja. Harusini rubisi, pombe yetu ya ndizi, ilikuwepo, kama ilivyo kwenye kila harusi, na waliomwokota walisema ananuka pombe. Yeye alisema alikunywa juisi ya ndizi peke yake, isiyochachuka, na kwamba kilichomwagika ni kibuyu cha rubisi alichotumwa kumpelekea jirani.

Wazee wa kanisa walikaa. Byabato alikuwa mmoja wao, kwa hiyo walikaa kwa uchungu, hilo siwanyimi. Waliniita niwe shahidi, wakaniuliza swali moja: je, gari lilikuwa zima? Nilisimama nikajibu kwamba lilikuwa zima, nililifunga kwa mikono yangu, na mstari wa rangi upo, anayetaka akautazame. Hakuna aliyekwenda kutazama. Kama gari lilikuwa zima, basi dereva alikuwa amelewa. Wakamtenga: asikaribie meza ya Bwana mpaka apige magoti mbele ya usharika na kutubu ulevi. Wengine hutubu, miezi sita inapita, wanarudi kundini, na mambo yanaisha. Byabato alisema hatatubu pombe ambayo hakuinywa. Miezi sita ikawa mwaka, na mwaka ukawa miaka hii thelathini na minane.

Sikugombana naye. Niliacha tu kwenda. Chama kilipodorora nilihamia huku Rubwera, nikafungua gereji, na usharika wa huku ukanichagua mzee wa kanisa. Watu wakinisifu kwa kazi safi, nilikuwa nawaambia nimefundishwa na mtu mmoja wa Chonyonyo, bila kulitaja jina.

Nilifika kwao Jumatatu kwa pikipiki, sanduku la spana magotini. Gari lilikuwa limetolewa kwenye ghala la kahawa na kuwekwa uani. Rangi ya machungwa ilikuwa imefifia ikawa kama boga lililoiva, na bodi ya mbele kushoto bado imebonyea. Nilikuwa nimejiandaa kwa vitu vingi njiani, lakini si kwa harufu. Nilifungua mlango, nikanusa ngozi ya viti, petroli na kahawa kavu, nikalazimika kuinama nijifanye natafuta kitu sakafuni.

Byabato alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbao kando ya ghala, blanketi mapajani, fimbo mkononi. Alikuwa amekonda. Yule mtu aliyekuwa akinyanyua gurudumu la lori peke yake sasa shati lilikuwa linamvaa yeye.

"Shikamoo, Ta Byabato."

"Marahaba, Egbert. Umezeeka."

"Na wewe hukungoja."

Alitabasamu kidogo. Laurensia alileta sahani ya kahawa za kutafuna, zile mbichi zilizochemshwa na kukaushwa, tukatafuna kama wageni wanavyofanya. Byabato hakuuliza kwa nini sikuja miaka yote ile. Alisema tu, "Kalisikilize."

Siku ya kwanza niliinua mbele kwa jeki, nikaweka magogo, nikatoa matairi. Nilifungua shokapu, zikatoka zimekauka, hazina hata tone la mafuta. Springi nilizibana kwa vyuma viwili vyenye nati ndefu nilivyochonga mwenyewe. Boljointi zilikuwa zinacheza kwenye vikombe vyao. Nilikuwa napiga mluzi, nafurahi. Mikono yangu ilikuwa inakumbuka kila boliti iliko kabla macho hayajaiona, na Byabato alikuwa akinifuata kwa macho kutoka kwenye kiti chake. Kila baada ya muda aliuliza, "Na hiyo je?" Nilimwambia, "Imekwisha." Akaitikia kwa kichwa.

Siku ya pili nilianza na mkono wa kulia. Bushi ya kulia ilikuwa ya tangu gari lizaliwe Japani. Imekauka, ina nyufa ndogo, lakini nzima. Nikahamia kushoto. Mstari wangu mweupe ulikuwepo, umechakaa lakini umenyooka, kutoka kwenye nati hadi kwenye chasisi. Nilijivuna, Mungu anisamehe. Nilifungua nati, nikagonga boliti ikatoka, nikauvuta mkono ule nje, na mluzi ukanikatika.

Bushi ilikuwa imechanika. Mpira ulikuwa umejisokota kuzunguka lile bomba la katikati na kuachia, karibu duara zima. Nilijaribu kujiambia imechanika kwenye ajali. Nilichukua tochi. Pale palipochanika, mpira ulikuwa umesuguana mpaka ukang'aa, na vumbi jekundu limeingia ndani likasagwa laini. Mpira unaochanika kwenye ajali hausuguani, kwa sababu gari lile halikutembea tena baada ya pale. Lilikokotwa likaingizwa ghalani. Bushi hii ilikuwa imechanika siku kadhaa kabla. Ilikuwa imetembea ikiwa imechanika, na alipokanyaga breki mteremkoni, tairi lilivutwa nyuma na gari likageukia kushoto lenyewe.

Na nilijua kwa nini ilichanika. Mimi nilijifunza kazi kwenye malori ya kahawa. Bushi za malori yale zilikuwa za chuma, unazipaka grisi, na nati unaweza kuikaza gari likiwa juu ya magogo, matairi yananing'inia, bila madhara yoyote. Sisi sote katika karakana ya chama tulikaza hivyo. Bushi ya mpira haitaki hivyo. Lazima gari lishuke chini kwanza, libebe uzito wake, ndipo ukaze. Ukikaza likiwa linaning'inia, siku unalishusha mpira unasokoteka, na kila shimo la barabara linausokota zaidi, mpaka unachanika. Nilikaza nati ile kwa nguvu zangu zote gari likiwa juu ya magogo. Na rangi juu yake nikapaka.

Nisiongope sasa, nimeshazeeka. Jambo hili la kukaza gari likiwa chini nilifundishwa mwaka 1991 na fundi wa mradi mmoja wa barabara, akinicheka. Siku ile ile nililikumbuka Datsun. Nililikumbuka, nikasema moyoni kwamba siku nne ni chache mno kwa mpira kuchanika, na nikalisukuma wazo hilo kando. Kila lilipotaka kurudi nilishika kazi nyingine. Sikuacha kwenda Chonyonyo kwa sababu ya umbali.

Niliiweka bushi mfukoni. Hakuna mtu aliyeiona. Vipya vilikuwa ndani ya maboksi, na kilichokwisha hutupwa chooni au kwenye shimo la takataka. Hakuna anayemwuliza fundi mpira wa zamani uko wapi.

Mchana Laurensia aliniletea matoke na maharage chini ya paa la ghala. Mzee alikuwa amelala ndani. Laurensia alikaa kwenye kigoda, akanitazama nikila.

"Mwezi wa tano tulimzika jirani yetu Ambrose," alisema. "Alikuwa ametengwa kwa ajili ya mke wa pili. Kengele haikupigwa. Kwaya haikuja, mchungaji hakuja. Tulisimama kibanjani, kati ya migomba, tukasikia udongo ukianguka, basi. Mimi nimesali kanisa lile tangu nibatizwe, Egbert. Nitamzikaje mume wangu hivyo?"

Nilirudisha tonge sahanini.

"Mchungaji huyu mpya ni mwema. Ameniambia neno moja tu linatosha, atamtubisha hapa hapa kitandani. Yeye hataki. Wewe alikuwa anakusikiliza. Mwambie aseme tu kwamba alikunywa. Hata kama si kweli. Mungu anajua."

"Nitaongea naye, Ma Laurensia," nilisema. Bushi ilikuwa inanibana pajani.

Alipoondoka nilikaa pale na sahani yangu. Sikumwogopa Mungu kwa wakati ule, nitasema kweli. Nilimwogopa Byabato. Nilikuwa na gereji, jina, kiti cha mzee wa kanisa, na watoto wanaojua kwamba baba yao ni mkali kwa sababu anaijua kazi. Ningeweza kwenda kwenye kitanda cha mtu yule nikamshauri atubu, na wote wangenishukuru.

Alitoka mwenyewe, akijivuta kwa fimbo, akaketi kwenye kiti chake. Hakungoja nianze.

"Umeacha kupiga mluzi tangu asubuhi," alisema. "Umeona nini?"

Nilimpa bushi. Nilimweleza kama ninavyokueleza wewe: mpira, magogo, vumbi lililosagwa. Nilimwonyesha pale panapong'aa. Nilisema, "Ni mimi, Ta Byabato. Gari halikuwa zima. Nilisema uongo mbele ya wazee, na sikujua ni uongo, lakini ulikuwa uongo."

Aliigeuza bushi, akaingiza kidole kwenye ule mchaniko, akakizungusha taratibu.

"Kwa hiyo sikuwa nimelewa," alisema.

"Hilo wewe ulilijua siku zote."

"Nililijua mwaka wa kwanza. Na wa pili." Alikuwa anaongea na ile bushi. "Halafu watu wote wakikuambia, Egbert, unaanza kukumbuka vibaya. Labda ile juisi ilikuwa imechachuka. Labda nilionja na kile kibuyu njiani. Mke wangu mwenyewe alikuwa ananitazama kwa huruma, na mtu humwonea huruma mkosefu. Nimekataa kwa mdomo miaka yote hii, na moyoni sikuwa na hakika. Ndiyo maana nimekuita. Nilitaka mtu anayejua atazame, kabla sijafa. Kuuliza niliogopa."

Machozi yalimtoka, na yangu yakatoka. Nilidhani mambo yameisha hapo. Kisha akaniuliza, kwa sauti ile ile, "Wewe ulijua lini?"

Ningeweza kusema leo. Nilisema, "Nilianza kushuku mwaka tisini na moja."

Alihesabu kwa vidole. "Kemilembe alipata kipaimara mwaka tisini na mbili. Kila baba alikwenda mezani na mtoto wake. Mimi nilikaa. Aligeuka kunitafuta, akaniona nimekaa."

"Ta Byabato..."

"Ondoka, Egbert. Waitu, nakuomba, ondoka."

Niliondoka. Niliacha spana zangu zimetawanyika uani, jambo ambalo sijawahi kulifanya maishani, nikaenda kwa dada yangu Vero, ng'ambo ya pili ya bonde. Vero aliuliza kama naumwa. Nikamwambia anyamaze, kisha nikamwomba radhi.

Asubuhi nilikwenda kwa mchungaji. Kijana wa watu alinisikiliza mpaka mwisho, akaomba nirudie ile sehemu ya magogo, akachora kwenye karatasi ili aelewe. Siku iliyofuata wazee walikaa. Wengi wao walikuwa watoto mwaka ule. Mmoja tu, Anastazi, alikuwemo katika kikao cha zamani, na sasa haoni vizuri. Nilisimama mbele yao nikasema nilichosema mwanzo kilikuwa si kweli. Anastazi alisema, "Tulipaswa kwenda kutazama lile gari." Hakuna aliyemjibu. Waliandika kwamba Byabato alitengwa kimakosa na hana cha kutubu. Mimi waliniuliza nilijua tangu lini, nikawaambia. Wakanitenga miezi mitatu na kunivua uzee wa kanisa, na mchungaji akampigia mwenzake wa Rubwera mbele yangu. Ilikuwa haki. Iliuma vilevile.

Jioni ile Laurensia alivuka bonde kwa miguu. Hakukaa, hakunisalimia. "Anasema gari halikai juu ya magogo wiki nzima," alisema. "Anasema uje umalize."

Nilimaliza Ijumaa. Shokapu mpya, boljointi, ncha za stelingi, bushi zote mbili nikaziingiza kwa maji ya sabuni na kuzishindilia kwa jeki. Boliti niliziacha zimelegea, nikafunga matairi, nikatoa magogo, nikalishusha gari taratibu. Nilikuwa nimechimba mtaro mfupi chini yake ili niweze kulala na kufikia nati. Kisha nikamwambia Kemilembe nahitaji uzito wa watu ndani.

Byabato aliinuka bila kuombwa. Kemilembe na mama yake walimshika huku na huku, wakamwingiza upande wa dereva, mguu ule mbovu ukaingia mwisho. Kemilembe akakaa pembeni yake. Mimi nilikuwa chali mtaroni, mafuta yakinidondokea shingoni, nikimsikia juu yangu akiupapasa usukani.

"Sasa unakaza?" sauti yake ilikuja kupitia sakafu. Ilikuwa mara ya kwanza kuongea nami tangu aniambie niondoke.

"Sasa nakaza."

"Sisi tukiwa ndani?"

"Mkiwa ndani. Ndivyo ilivyopaswa."

Nilimaliza upande wa kulia na wa kushoto. Ilichukua dakika kumi. "Kumbe ni kazi ndogo hivyo," alisema. Nilibaki mtaroni muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji, na wala sikupaka rangi.

Jumapili Kemilembe aliliendesha mpaka kanisani. Nilikuwa nimetangulia kwa miguu, nikakaa benchi la nyuma kabisa ukutani, peke yangu. Watu walisikia mlio wa injini tangu mbali. Wenye mvi waligeuka wote, na nikaona nyuso zao zikibadilika, maana ule mlio ni ujana wao. Byabato aliingia na suti ya kahawia inayompwaya. Mchungaji alisoma uamuzi wa wazee, jina lake, kisha jina langu. Hakuna aliyenitazama kwa ubaya, lakini hakuna asiyenitazama.

Wakati wa meza ya Bwana walianza kwenda mbele safu kwa safu. Byabato alisimama. Laurensia alimshika kiwiko, naye akauondoa mkono wa mkewe. Alitembea hatua chache kuelekea mbele, akasimama, akageuka, akaanza kuja nyuma. Fimbo yake ilikuwa inagonga saruji na kwaya ikapoteza mstari. Alifika kwenye benchi langu akajishusha pembeni yangu, akihema.

"Nenda mbele, mzee," nilimnong'oneza. Nilikuwa nimekasirika kweli. "Mkeo amengoja siku hii. Nenda."

"Paja halikunji," alisema. "Siwezi kupiga magoti pale. Kule mbele hamna pa kuegemea."

"Kuna ukuta kila mahali."

"Egbert, usinifundishe."

Mchungaji alituona. Alimaliza safu ya mwisho, kisha akachukua mkate na kikombe akashuka navyo, kama wanavyowafanyia wagonjwa, akapita katikati ya kanisa lote mpaka kwetu. Byabato aliniegemea ili apate kuinua uso. Alifungua mdomo. Alipokea mkate, kisha akashika kikombe kwa mikono yote miwili, akanywa, na harufu ya divai ikanifikia.

Mchungaji alinitazama. Nikatikisa kichwa, akanipita, akarudi mbele. Laurensia alikuwa amegeuka kwenye benchi lake, amefunika mdomo kwa kanga. Byabato hakusogea. Alikuwa amefumba macho, uzito wake wote juu yangu, na bega langu lilianza kufa ganzi. Sikulisogeza.